Mluzi wa Baba

Wabebaji niliwagombeza siku nzima, Mungu anisamehe. "Taratibu! Hilo si kabati!" Kinanda cha umeme cha marehemu kaka yangu kinakaribia umri wangu, na ukikigonga tu mlangoni sauti zake zinahama. Tena hakihifadhi kitu. Sauti uliyoitengeneza ni pale ulipoziacha nobu zake, vile vidude vya kuzungusha kwa vidole, thelathini na sita. Ukizizungusha, imekwenda.

Na kaka alikuwa ameacha sauti humo. Wiki moja kabla hajafa alimpigia mama simu, akamwambia, "Hebu sikiliza," akabonyeza. Ulikuwa mluzi wa baba, ule aliokuwa akiupiga akifika kwenye ngazi kutoka kazini, wenye kukwaruza kidogo mwishoni. Baba tulimzika miaka ishirini iliyopita. Mama alilia mpaka simu ikakatika. Baada ya kumzika kaka hakutaka shati wala picha yake. Alitaka kinanda kiletwe kwake ausikie tena ule mluzi, basi.

Kwa hiyo nilizibandika nobu zote selotepu ya karatasi zisicheze. Mbebaji mmoja akasema, "Fundi, nipige picha kwanza, tujue zilivyokaa?"

"Picha kapige harusini," nikamjibu. "Miaka thelathini natengeneza vinanda, leo unifundishe wewe?" Mwenzake akacheka. Nami nikacheka.

Tulikilaza juu ya godoro, gari likaenda mwendo wa kusindikiza jeneza. Kwa mama nikakiacha kitulie, nikakiwasha, nikangoja kipate joto. Yeye alishavuta kiti karibu. Nikabonyeza.

Mluzi ukatoka, ila umepinda. Safari ilikuwa imeuvuruga.

"Ndiye!" mama akashika kifua. "Ndiye huyo, mwanangu. Acha hivyo hivyo."

"Hapana mama, kimeshuka kidogo. Utamsikia baba kama amelewa. Dakika kumi tu."

Nikafungua mgongo wa kinanda, nikachukua bisibisi. Sasa, kusawazisha sauti za kinanda kuna utaratibu wake, na mikono yangu imeuzoea hata nikiwa nimesinzia: kabla hujagusa ndani, nobu zote zinarudi sifuri. Nikabandua selotepu, nikazungusha moja baada ya nyingine, huku nikimsimulia mama uzembe wa wale wabebaji. Nilipofika ya mwisho ndipo nikaona selotepu zimelundikana miguuni pangu. Lo! Nilitamani ardhi inimeze.

Kinanda kilitoka safi. Sijawahi kusawazisha kitu vizuri namna ile. Nikahangaika na zile nobu mpaka jioni: ikatoka filimbi, ikatoka king'ora, ikatoka birika linalochemka. Mwisho nikapata kitu cha kukaribia, nikamgeukia mama.

Alisikiliza kwa adabu, kama anavyowasikiliza wageni. Kisha akainuka, akaleta shuka, akakifunika kinanda gubigubi.

"Umekula, mwanangu?"

Nikamwambia nimekula.