Sabuni Kwenye Tundu la Friji

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo, kama ya mama anayemnyamazisha mtoto. Sss. Kisha upepo mwembamba wa baridi ukampuliza Kimya usoni, naye akabaki na kisu hewani, hathubutu kukirudisha wala kukiweka chini.

Alijua alichokifanya. Siku ya kwanza alipokuja kukaa hapa kwa dada yake, shemeji alimzungusha chumba na sebule kama mtu anayeonyesha shamba la ekari kumi, kisha akasimama mbele ya friji na kuipiga begani.

"Kila kitu humu ni chako, shemeji. Ila huyu Bi Mkubwa hapelekewi kisu. Barafu ikizidi, zima, acha mlango wazi, mwekee sufuria ya maji moto ndani, halafu kaa usubiri kama unasubiri posa. Kisu kikigusa ngozi yake, gesi inatoka, na sisi tumefiwa."

Ilikuwa friji ya mtumba, imepita nyumba tatu kabla ya kufika kwao. Mlango wake ulifungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Ilinguruma mchana kutwa kama mke mkubwa asiyeulizwa jambo, na jina likamkaa. Katika nyumba nzima ya wapangaji, friji ilikuwa hiyo moja.

Na ndani ya friza yake, asubuhi ile, kulikuwa na chupa kumi na tisa za maziwa ya dada, za plastiki, ndogo kama za dawa.

Dada alijifungua kabla ya siku zake. Mtoto alikuwa njiti, wayo wake mzima haukufika urefu wa kidole cha baba yake, akinyweshwa kwa mrija uliopita puani. Wiki mbili dada alikamua mpaka vidole vikafa ganzi, na yaliyozidi Kimya akayaleta nyumbani kuyagandisha. Kisha kidonda cha operesheni kikatunga usaha, dada akaanzishiwa dawa kali, na nesi wa wodi ya njiti akasema maziwa yake hayamfai mtoto kwa siku sita. Katika siku hizo mtoto atakunywa ya akiba, chupa tatu kwa siku. Friji ya wodi ilikuwa ya dawa, haikuwa na nafasi ya akiba ya mtu.

"Uyalete saa nne kila asubuhi, yameganda kama jiwe," nesi alimwambia Kimya. "Yakiyeyuka ni ya siku hiyo tu, na usiyagandishe tena hata kama umeyaonea huruma. Tumbo la njiti ni uzi. Umenisikia? Wewe nawe, sema basi nijue umesikia."

Kimya aliitikia kwa kichwa. Hilo jina alipewa na wapangaji, na hakuwahi kulikataa, maana kulikataa kungehitaji maneno.

Hii ilikuwa siku ya kwanza kati ya zile sita. Ule mlango wa mpira ulikuwa unaingiza mvuke, barafu ikaota, ikazikumbatia chupa zisitoke. Kuchemsha maji na kusubiri kungechukua saa nzima, na saa tatu ilikuwa imepita. Akamfikiria nesi akimpigia kelele mbele ya wanawake wote wa wodi. Hapo ndipo alipochukua kisu. Chupa mbili zilitoka salama. Ya tatu ilitoka na ile sauti.

Akaweka kidole juu ya tundu. Sauti ikanyamaza, akaondoa, ikarudi. Basi akakumbuka. Baba yao alikuwa dereva wa lori, na tangi la mafuta lilipovuja njiani alikanda sabuni ya kufulia kwa mate na vumbi, akaibandika, akafika salama. Kimya alikimbilia karo, akakata kipande cha sabuni, akakikanda mpaka kikawa kama ugali, akakishindilia kwenye tundu.

Sauti ikakatika. Mashine ikaendelea kunguruma. Taa ya ndani ilikuwa inawaka. Alisimama akisikiliza, na kwa kuwa alitaka sana kuamini, akaamini.

Saa nne kasoro alikuwa wodini na chupa tatu ngumu ndani ya chupa kubwa ya chai. Alipopita wodi ya wazazi kumjulia dada hali, dada alimuuliza bila kuinua kichwa kutoka kwenye mto, "Friji inaendeleaje?"

"Inanguruma," alisema Kimya.

Neno hilo lilikuwa la kweli. Alilibeba njia nzima ya kurudi, na kila hatua lilizidi uzito.

Alifika nyumbani saa sita. Bi Mkubwa alikuwa bado ananguruma, tena kwa bidii, bila kupumzika hata kidogo, jambo ambalo si kawaida yake. Kimya akagusa ubavu wa nyuma. Zile nyaya nyeusi ambazo siku zote huwa na vuguvugu zilikuwa za baridi, na mashine chini ilikuwa ya moto wa kuunguza. Akafungua friza. Maji yalikuwa yanatiririka ukutani, yamechanganyika na povu la sabuni. Akabonyeza chupa ya mbele kabisa. Ikabonyea.

Akafunga mlango haraka, akaegemea. Kumpigia shemeji kulikuwa hakuna maana, kiwandani kwao simu huachwa getini mpaka jioni. Akatoka mbio.

Fundi wa friji alikuwa mtaa wa pili, mzee aliyeitwa Theluji, ingawa banda lake la mabati lilikuwa na joto la kuoka mkate. Milango isiyo na friji iliegemezwa ukutani, na friji zisizo na milango zilipangwa kama watu waliopigwa na butwaa. Theluji na wenzake watatu walikuwa wanacheza drafti kwa vizibo vya soda. Kimya alisimama mlangoni akisubiri aulizwe.

Hakuulizwa. Kete zikaliwa, watu wakacheka.

"Unamsubiri nani, binti?" mmoja alisema mwishowe.

Kimya alisogea hatua moja ndani.

"Anasubiri tumalize. Ana adabu kuliko wake zetu."

"Wako ndiye hana. Wangu huja na mwiko."

Wakacheka tena. Kimya alitazama mkono wa fundi ukisogeza kizibo, na akilini akaona chupa ya pili ikibonyea, na ya tatu. "Maziwa," alisema.

"Maziwa yanauzwa ng'ambo ya barabara, mama, pale penye mwavuli."

"Siuzi wala sinunui." Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia, nayo ikamtisha mwenyewe. "Mtoto wa dada yangu ni njiti. Maziwa yake yako kwenye friji, na friji nimeitoboa kwa kisu. Mtoto atakufa na mimi nimesimama hapa nawatazama mkicheza."

Theluji aliinuka akaangusha ubao.

Njiani alimuuliza mambo machache tu: saa ngapi, wapi, mashine inazima au haizimi. Nyumbani hakuanza na friza. Alipapasa nyuma, akasikiliza, akachomoa waya ukutani. "Inakimbia bure," alisema. "Kama mtu anapiga pampu kwenye kisima kikavu. Gesi imekwisha." Kisha akafungua friza, akaona kile kidonge cheupe. "Nani kaweka sabuni?"

"Mimi. Baba alikuwa anazibia tangi la lori."

"Baba yako alikuwa fundi mzuri wa matangi. Mafuta ni mazito, mwanangu, yanaheshimu sabuni. Gesi ni mwizi, inapita tundu la sindano na mzigo wake kichwani. Hii ya kuunga na kujaza ni kazi ya siku mbili. Achana na friji. Tuokoe kilichomo. Lete blanketi."

"Litayapasha joto."

"Blanketi halina moto wake. Linafunga mlango tu. Likikuta joto linafungia joto, likikuta baridi linafungia baridi. Lete."

Wakazisonga chupa kumi na sita ndani ya ndoo, zikiwa zimebanana, wakazizungushia blanketi mara tatu, Theluji akaifunga ndoo nyuma ya baiskeli. Kimya alikimbia kando yake, mkono mmoja juu ya ndoo kama anayesindikiza mgonjwa.

Bandani kulikuwa na friji moja iliyokuwa inafanya kazi. Ya mteja, Theluji alisema. Hawezi kurudisha friji ya mtu kabla ya kuikalisha siku tatu akiitazama, asije akaitwa tapeli, na mwenyewe haji kuichukua mpaka wiki ijayo. Ndani yake hapakuwa na kitu isipokuwa baridi. Akafungua friza yake, akaanza kupanga chupa, ngumu na laini pamoja.

"Zilizolainika usiweke," alisema Kimya.

"Jioni zote zitakuwa mawe. Hakuna atakayejua ipi ni ipi." Alisema kwa wema, kama mtu anayekufuta machozi.

Kimya alizitazama. Ilikuwa rahisi mno. Angenyamaza tu, na kunyamaza ndiyo kazi aliyoijua kuliko zote. Zingekuwa kumi na sita, dada asingejua, nesi asingejua. Tumbo la mtoto ndilo lingejua.

"Mimi najua," alisema, akaanza kuzitoa.

Walibonyeza moja moja. Zilizokuwa jiwe zilikuwa tisa. Zilizolegea zilikuwa saba, akazitia ndani ya chupa ya chai na kipande cha barafu alichopewa na Theluji, akaondoka kwenda wodini.

Nesi alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo Kimya hakulitegemea. Alifungua kila chupa, akanusa, akazigeuza kwenye mwanga.

"Tatu zitamfaa kuanzia sasa mpaka kesho mchana. Zile ngumu za asubuhi niliziweka kwenye barafu pembeni mwa dawa, bado hatujazigusa, zitaanza kesho mchana. Hizi nne..." Alizitazama chupa nne kama mtu anayetazama viatu vya marehemu. Akazimimina kwenye sinki mwenyewe. "Una tisa kwa fundi. Tusichezee hesabu, mdogo wangu. Siku moja inapungua. Nitasema na daktari, lakini sikuahidi kitu. Nenda kamwambie dada yako. Mimi simwambii."

Dada alikuwa ameketi kitandani, bakuli mapajani, anakamua. Sasa alikuwa anakamua yale maziwa yasiyofaa na kuyamwaga, ili titi lisisahau kazi. Kimya alimweleza akiwa amesimama. Kisu, sabuni, fundi, sinki.

Mkono wa dada ulisimama.

"Asubuhi uliniambia inanguruma."

"Ilikuwa inanguruma."

"Ungesema saa nne, zote zingekuwa ngumu."

"Ndiyo, dada."

Hakumtukana. Aligeukia ukuta, na mabega yake yakaanza kutikisika, na bakuli likaanza kuinama. Kimya aliwahi kulishika. Wakakaa hivyo muda mrefu, mmoja akilia, mwingine ameshika bakuli la maziwa yasiyonyweka, na kwenye kitanda cha jirani mtoto mnene akinyonya kwa kelele.

"Siku moja," dada alisema mwishowe, bado ameuangalia ukuta. "Sijui nitaipata wapi."

"Sijui, dada."

Dada akajifuta kwa upindo wa kanga, akageuka, akaendelea kukamua. "Lishike vizuri. Na zile tisa, uende ukaziangalie asubuhi na jioni. Ukisikia hata panya anakohoa mle bandani, upige kelele."

"Nitapiga."

"Sikukusikia."

"Nitapiga kelele," alisema Kimya, na vitanda vyote vya wodi vikageuka kumtazama. Hakuinamisha uso. Alisubiri bakuli lijae, akalibeba kwa mikono miwili mpaka kwenye sinki, akalimwaga.