Wavumo au Mivumo

Mtaa mzima ulimwita Shemeji, hata wale wasiooa kwao hata paka. Alikuwa fundi saa, vidole vyembamba kama miguu ya mbu, mpaka watu walipoanza kutazama saa kwenye simu, naye akabaki na kile kioo chake cha jichoni na hamu ya kula. Dada yake akamchukua "kwa wiki mbili." Wiki mbili hizo zilishatimiza miaka miwili, na zote alizilala kwenye kochi la watu watatu sebuleni kwa dada. Kochi hilo nalijua kama ninavyoyajua meno yangu, maana nililitengeneza mimi.

Mume wa dada mtu ni Mwalimu. Siku za kazi anafundisha lugha sekondari. Jumapili mchana anatuongozea mchezo karakanani kwangu. Tunazunguka mlango wa mbao niliolaza juu ya fremu mbili za viti: Mwalimu, Nesi wa zahanati, na mimi. Kila mmoja ana mhusika wake. Nesi ni mwizi asiyeshikika, mimi ni jitu la mawe lenye akili za mawe. Mwalimu anasimulia yanayotukuta, sisi tunasema tunafanya nini, dadu zinaamua kama tumeweza. Nchi yenyewe hatukuitunga. Imo kitabuni, Nchi ya Ngome Tisa, kurasa mia tatu, pamoja na ramani, wafalme na magonjwa ya punda. Jalada lake nimelishona mimi kwa ngozi iliyobaki ya kochi. Mwalimu amekisoma miaka kumi, na ukikishika na mkono wenye chai anakutazama kama umemshika mkewe.

Basi, Jumamosi moja akaja peke yake.

"Fundi, Jumatatu nakuletea kochi langu. Likate."

"Nilikate? Limekukosea nini?"

"Nataka viti viwili, vya mtu mmoja mmoja. Na mikono iwe juu, mtu asiweze kujinyoosha."

"Na Shemeji?"

"Kiti kimoja changu, kingine cha mke wangu. Unaona cha tatu hapo? Na huo mdomo wako uufunge."

Nikaufunga. Mdomo wangu ni mwepesi kwa mizaha tu. Kwa mambo ya maana una kutu.

Kesho yake Shemeji akafika kabla ya wenzake, kanyoa ndevu, kashika kurasa za kalenda ya zamani alizoziandika upande wa nyuma kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Alikuwa ameomba kucheza tangu mwaka jana, na Mwalimu alikuwa hajawahi kusema ndiyo.

"Leo kakubali nije na mhusika wangu," akaniambia. "Akinipokea mezani, Fundi, atanizoea na nyumbani. Mtu mliyecheka naye utamfukuzaje?"

"Hilo neno," nikasema, nikajifanya natafuta misumari.

Wenzake walipoketi, Shemeji akasimama kama mtoto wa shule. Mhusika wake hakuwa mtu, wala jitu, wala chochote tulichowahi kukiona kitabuni. Ni kiumbe mwenye mwili wa gome la mti, na kifua chenye uvungu walimojaa nyuki. Nyuki ndio wanaofikiri. Akitaka kusema, wanavuma kwa pamoja, na ule mvumo unakuwa maneno. Nyuki wakihama, anabaki gogo.

"Anaitwa Mvumo," akasema Shemeji. "Kabila lake ni Wavumo."

"Kwenu wapi?" akauliza Mwalimu bila kuinua macho. Ndivyo anavyomuuliza kila mhusika mpya. Usipokuwa na mahali kitabuni, mchezoni huingii. "Maana Ngome Tisa zote zina wenyewe. Hatuokoti viumbe jalalani tukavibandika kwenye ramani."

"Ngome ya Sita, shemeji."

"Ya Sita ilichomwa. Haina mtu."

"Ukurasa wa arobaini na moja, mstari wa chini." Shemeji hakuwa na kitabu; alikuwa amekisoma kwa kuibia, Mwalimu akiwa kazini. "'Upepo ukitulia, kuta za Ngome ya Sita huvuma, na hakuna ajuaye kwa nini.' Ndio hao. Watu walipoungua, nyuki waliingia kwenye magogo ya milango. Wamekaa humo wakingoja mtu aulize."

Nesi akapiga meza kwa kofi. "Ee! Nimeisoma sentensi hiyo mara ngapi!"

Hata mimi nywele zilinisimama, na sina nyingi. Mwalimu akafungua ukurasa wa arobaini na moja. Akausoma. Akausoma tena. Miaka kumi alikuwa amepita juu ya ule mstari kama mtu anayepita juu ya mfuniko wa shimo, na aliyeufunua ni mlala kochi. Niliona shingo yake ikivimba.

"Vizuri," akasema taratibu. "Ila mvumo, wingi wake nini?"

"Wavumo."

"Mimi nafundisha ngeli, shemeji, usinifundishe. Mti, miti. Mkeka, mikeka. Mvumo, mivumo. Mvumo *haujafika*, mivumo *imelala*. Hicho ni kitu. Vitu haviwi wahusika."

"Lakini anafikiri, shemeji. Anasema."

"Redio nayo inasema."

Nesi akaingilia. "Mbona jitu la Fundi unalisema 'amefika'? Si lilipaswa 'limefika'?"

"Jitu limo kitabuni," akasema Mwalimu. "Haya, tusigombane, tupige kura. Mimi nasema mivumo."

"Wavumo," akasema Nesi.

Kura ya mwenye hoja haihesabiwi, kwa hiyo wakanigeukia mimi. Shemeji alinitazama kwa lile jicho lake la fundi saa, lililozoea kuona vumbi ndani ya saa, na sidhani kama alikosa kuona kilichokuwa ndani yangu. Ningesema "wavumo" tu, silabi tatu. Lakini kichekesho kilikuwa kimeshanifika kwenye ulimi, nami kichekesho sijawahi kukimeza.

"Mivumo," nikasema. "Ikunjwe ipangwe stoo, pamoja na mikeka."

Mwalimu alicheka mpaka akapenga kamasi. Nesi alijizuia, akashindwa. Aliyecheka muda mrefu kuliko wote ni Shemeji mwenyewe. Alikuwa amekuja kucheka nasi.

"Basi tumepata mzigo," akasema Mwalimu. "Jitu, ubebe."

Tukacheza hivyo. Saa nzima Shemeji alikaa mezani bila kuulizwa anafanya nini, maana mzigo haufanyi kitu. Tulifika kwenye daraja la kamba, kamba zikaanza kukatika.

"Kila mmoja arushe dadu," akasema Mwalimu.

Nesi akarusha, akavuka. Shemeji akaokota dadu, akaipuliza.

"Wewe unarusha nini? Mzigo haurushi dadu. Jitu! Daraja limeelemewa. Unautupa, au unaanguka nao?"

"Ngoja kwanza," akasema Nesi, "hii si haki."

"Nimemuuliza Jitu."

"Jitu anautupa," nikasema.

Mwalimu akasimulia ulivyoanguka. Alisimulia vizuri, lazima niseme. Nyuki wakitoka wachache wachache, gome likigonga mwamba. Shemeji akairudisha dadu mezani polepole, ile sita ikitazama juu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Mchezo mzuri," akasema. "Asante, shemeji."

Jumatatu asubuhi kochi likaja. Upande wa mbele alikuwa msukuma mkokoteni, upande wa nyuma Shemeji, jasho linamtiririka, anatabasamu.

"Umeona, Fundi? Nilikwambia! Jana tumecheza, leo shemeji anatengeneza kochi. Spring ile ya katikati ilikuwa inanichoma mbavu. Na mimi nimesema nilibebe mwenyewe, si nalijua linavyoshikika."

Mwenye mkokoteni akaondoka. Nilikuwa nimeshika chaki. Nikachora mstari katikati, kutoka mgongoni hadi miguuni. Naye akautazama.

"Mstari wa nini?"

"Linazaa mapacha," nikasema.

Akacheka. Kicheko kikamfia kinywani kidogo kidogo, kama saa inayoishiwa ufunguo. Akapima kwa macho nusu ya kulia, akapima nusu ya kushoto. Fundi saa hahitaji kuelezwa vipimo.

"Tangu lini?"

"Jumamosi."

"Kumbe jana ulikuwa unajua."

Nikachukua msumeno. Fremu ilikuwa inacheza, na mtu mmoja hawezi kukata fremu inayocheza.

"Shika hapo," nikamwambia, "lisitikisike."

Na akashika! Akaegemeza goti, akabana kwa mikono miwili, nami nikakata kitanda chake mbele ya pua yake. Tulipofika kati kikaanguka kibanio chake kidogo cha kushikia skrubu za saa, kilichopotea mwaka mzima. Alishamtuhumu mpaka dada yake. Akakipangusa kwenye suruali, akakitia mfukoni, akashika tena mpaka nusu mbili zikaachana.

Jioni dada yake alimwekea begi mlangoni na kujifungia jikoni. Alikokwenda hakuna aliyeniambia, na sikuuliza.

Jumapili tukakusanyika. Mwalimu alifungua ukurasa wa arobaini na moja, akaonyesha alichoandika pembeni kwa wino, mwandiko wake mzuri wa ubaoni: *Hapa wanaishi Wavumo.*

"Si ulisema mivumo?" akauliza Nesi.

"Nimelifikiria upya. Ni wazo zuri, lisipotee bure."

"Na Shemeji yuko wapi?"

"Ule mzigo?" Mwalimu akachanganya dadu mkononi. "Umeshaondoka. Haya, Wavumo wamefika langoni, wanataka kuingia nchini. Nani atacheza Mvumo wa kwanza?"

Nesi akatazama chini. Nililitazama jitu langu, nikaona limenichosha.

"Mimi," nikasema.

"Kwenu wapi?"

"Ngome ya Sita," nikajibu, upesi kuliko alivyouliza.