Usukani wa Katikati

Adoyo alimwambia mumewe, Okeyo, mapema: boti ya rimoti yenye mapangaboi mawili ya kuisukuma majini haitakata kona kwa usukani mmoja wa katikati, kwa sababu maji yanayosukumwa yanaupita pembeni. Kila pangaboi lifungiwe usukani wake nyuma. Okeyo akacheka, akamrudisha kwenye msasa na gundi.

Siku ya mashindano, ufukweni Kirumba, bwana huyo aliwasimulia watu alivyoiunda boti peke yake. Boti ikaondoka vizuri, ikafika kwenye boya la kugeuzia, ikalipita, ikanyoosha moja kwa moja hadi ikanasa kwenye magugumaji. Watu wakaangua kicheko.

“Usukani aliufunga mke wangu,” Okeyo akasema.

Hapo ndipo Adoyo alipotajwa.