Mnyama wa Georgette

"Simama wima!" Julienne alifoka, pini mdomoni.

Georgette alisimama. Gunia la mchele lilimfunika mpaka magotini, na juu ya gunia mama yake alikuwa amechora madoa meusi kwa mkaa, moja baada ya jingine, tangu asubuhi. Mchezo ulikuwa alasiri hiyohiyo, kwenye ukumbi wa misheni. Masera, sista wa misheni, alikuwa ameileta hadithi kutoka kwao Ulaya: msichana anampelekea nyanya yake chakula, mnyama anamtangulia njiani na kummeza nyanya, mpaka mwindaji aje kumwokoa. Mnyama hakutakiwa na mtoto yeyote, ndiyo maana akapewa Georgette, ambaye hata kwenye mchezo wa kamba wenzake walimwacha akiwatazama. Kwa furaha hakula siku mbili.

Masera alikuwa ameeleza kwamba mnyama huyo anafanana na mbwa.

"Mama, mbwa hapana," Georgette alikuwa amelia. "Batanitupia mawe!"

Kweli wangemtupia. Pale kwenye maporomoko ya mto, kijijini kwa wavuvi, mbwa akikaribia samaki hana rafiki. Basi Julienne aliamua mwenyewe: mnyama wa msituni anayemeza watu ni chui. Yakaja madoa.

Tonton Félicien, kaka wa mumewe, aliingia akasimama mlangoni.

"Julienne. Nani alikufa akamuachia ule mutoto uchifu?"

"Tonton, iko gunia."

"Iko chui, na ngozi ya chui iko ya chifu peke yake. Chifu atakaa mbele kabisa, aone mutoto wa ndugu yangu anavaa chui? Apana!"

"Alors nifanye nini? Mbwa munakataa, chui munakataa! Avae kuku?"

"Masera achague mutoto mwingine."

Georgette hakulia. Alianza kuchomoa pini taratibu, akizipanga mezani. Hilo lilimchoma Julienne kuliko kilio. Alichoshwa na wote: masera na mnyama wake ambaye hakuna aliyemwona, chifu na ngozi yake, hata yule nyanya wa hadithini anayefungua mlango bila kuuliza nani anabisha.

Akatoka nje. Ukutani kulikuwa na kikapu cha kuvulia cha mumewe, Octave, kimeletwa kushonwa: mdomo mpana, mkia mrefu mwembamba, vyote vya kamba za msituni. Akakiburuta ndani.

"Ile iko ya kazi!" alimaka Tonton.

"Na hii iko kazi vilevile."

Akaligeuza gunia ndani nje, madoa yakapotea, akalifunga juu ya kikapu, akamwingiza Georgette ndani.

"Na mamba, tonton? Mamba iko ya chifu?"

Tonton Félicien alikuna kichwa. "Mamba... bon. Mamba iko ya batu yote."

"Merci!"

Ukumbini, mamba aliingia kiubavuubavu maana mlango ulikuwa mwembamba. Akamfuata nyanya kitandani, yaani Delphine mdogo aliyefungwa kilemba, akammeza mpaka visigino. Masera alimpungia mkono mwindaji aje kumwokoa. Mwindaji alitazama ule mdomo, akaweka shoka lake la mti chini.

"Mimi? Apana."

"Mamba hakai mu nyumba!" alipaza sauti mwanamke mmoja nyuma. "Anarudi ku mayi!"

Mamba akasikia. Akageuka, akatoka na nyanya tumboni, na watoto wote wakamfuata mbio, wajukuu wa chifu wakiwa mbele. Masera aliita, "Revenez! Rudini!" hadi sauti ikakauka. Julienne naye alikimbia, kanga mkononi, amekasirika kwelikweli.

"Georgette! Kikapu ya papa yako!"

Aliwakuta kwenye miamba ya mtoni. Delphine alikuwa ametapikwa, kilemba kimelegea, anacheka mpaka kwikwi. Watoto walikuwa wanasukumana mbele ya mamba.

"Na mimi, Georgette! Nimeze na mimi!"

"Mimi kwanza! Georgette, mimi!"

Julienne alijifunga kanga kiunoni, akasimama kutazama. Kisha ule mdomo mpana ukaanza kugeuka, ukampita mtoto huyu, ukampita yule, ukarudi, bila haraka yoyote.