Mgeni Aliyepangiwa kwa Bertila

Bertila alikuwa ameketi kwenye kigoda uani, anapepeta ulezi, wakati mtendaji wa kata alipoingia na mgeni. Ulikuwa mwezi wa sita, na baridi ya Sumbawanga mwezi wa sita haina utani, kwa hiyo Flavian, mtendaji mwenyewe, alikuwa amejizungushia skafu ya mtumba mpaka masikioni. Mgeni hakuwa amevaa kitu. Alikuwa sauti tu.

"Huyu ni Mwalimu Obed, anatoka ng'ambo ya ziwa," Flavian alisema. "Mwili wake wameufunga huko kwao. Atakaa kwako."

"Jambo, mama. Aksanti kwa kunipokea," sauti ikasema, kutoka kwenye kimo cha mtu mrefu kidogo.

Bertila aliweka ungo chini, akaitikia, akaingia ndani kutoa kiti. Hakuuliza kwa nini yeye. Flavian alimweleza bila kuulizwa: kamati ilipita nyumba kwa nyumba, ikaona hii ndiyo yenye nafasi, kwa kuwa sauti ya mume wake imehama. Alilisema hilo huku akipangusa kamasi, mtu mzima, na wala hakuona haya.

Na kweli sauti ya Isdori ilikuwa imehama. Ilikuwa sauti nzito, ndiyo iliyoshika besi katika kwaya ya parokia, na akisalimia mtu barabarani hata mbwa walinyanyua vichwa. Basi msimu uliopita, kwenye mkutano wa hadhara pale sokoni, Isdori alisimama akauliza swali. Soko lilikuwa huria sasa, ruzuku ya mbolea imeondolewa, wanunuzi wa mahindi wanakuja na malori yao na mizani yao. Isdori aliuliza kwa nini kila gunia la mkulima linashonewa kilemba juu, ile lumbesa, na bado linahesabiwa gunia moja. Akauliza tena kwa nini lori la mnunuzi linalala uani kwa mtendaji. Watu walicheka kwa raha. Kesho yake aliitwa ofisini akajieleze, na alipofungua mdomo hakikutoka kitu. Flavian alimwambia sauti yake imeondoka yenyewe, hakuna aliyeifukuza, nchi hii ina uhuru siku hizi. Coleta, anayeleta migebuka, wale samaki wa kukaushwa, kutoka Wampembe kule ziwani, aliiona sauti hiyo ikipanda mtumbwi wa wavuvi. Alisema ilikuwa inaguna guna ile besi ya wimbo wa Kwaresima, na wavuvi waliipisha ikae katikati, mtumbwi usipinduke.

Tangu hapo Isdori alilima, alikula, alikwenda misa, alikaa. Bertila alikuwa ameongea naye miaka yote ya nyuma kama wanavyoongea wanandoa, nusu ugomvi nusu mzaha, na sasa alikuwa anaongea peke yake mbele ya mtu anayemtazama. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote. Alitaka kuisikia ile sauti ikimwambia chai haina sukari. Hakutaka kitu kingine.

Lakini mgeni ni mgeni. Bertila alimmiminia Mwalimu Obed maji ya kunawa, maji yakaanguka moja kwa moja kwenye beseni, akamsogezea ugali wa ulezi na maharage. Ugali haukupungua. Baada ya muda Obed alishukuru, akasema ameshiba, na ladha yote ilikuwa imekwisha kwenye sahani. Isdori aliula ule ugali usio na ladha mpaka mwisho, maana chakula hakitupwi.

Obed alikuwa mtu mwema, hilo lisemwe. Alikuwa amefundisha shule ya msingi huko kwao, na alimsema mkuu wa mkoa wao kwa kula mahindi ya wakulima. Wakamfunga, lakini sauti ikapita kwenye upenyo wa dirisha. Kila Coleta alipokuja na samaki, Obed alimuuliza kama kuna mtu amesikia mwili wake unapewa chakula. Coleta alisema ataulizia.

Wakati huo serikali zetu mbili zilikuwa hazisalimiani. Kila moja ilisema nyingine inafuga wabaya wake, na redio zilirushiana maneno tangu asubuhi. Kwa hiyo Obed alikuwa lulu. Walimpeleka kwenye kiwanja cha soko, wakamwekea kiti kilichofunikwa kitambaa cha maua, wakamwekea na kipaza sauti. Alieleza jinsi wakubwa wa kwao wanavyomnyonya mkulima. Watu walipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Flavian alitoa leso akafuta macho. Kisha mkubwa aliyetoka mkoani akasimama akasema, "Mmesikia wenyewe, ndugu zangu. Huko kwao wanafungwa. Hapa kwetu mtu husema atakalo."

Isdori alikuwa mstari wa mbele. Na yeye alipiga makofi. Makofi hayahitaji sauti.

Jioni ile Obed aliuliza mwenye nyumba ana ugonjwa gani. Bertila alimsimulia yote, lumbesa, lori, ofisi. Obed akasema basi kwenye mkutano ujao atalisema hilo pia, kwani kuna tofauti gani na lile la kwao?

"Usiseme, Mwalimu," Bertila alimkataza. "Wewe ukisema watakurudisha kwenye mwili wako. Unajua ulipo."

Obed alijua ulipo. Toka siku hiyo akawa na adabu ya wageni, akisifu hewa ya Ufipa na utamu wa maharage, na alipotajwa mnunuzi alikohoa tu. Bertila hakumlaumu, ila moyoni alisikia uchungu, maana alikuwa ametegemea kidogo kwamba atabishiwa.

Mavuno yalipoingia ndani, Coleta alileta habari mpya. Huko ng'ambo, alisema, kuna mgeni mashuhuri redioni, sauti nzito kama ya kwenye pipa, anawaeleza watu habari za magunia. Bertila alinunua betri mpya. Jua lilikuwa bado halijazama alipoipata stesheni, ikikwaruza kwa mbali, na Isdori alikuwa amekaa pale pale kwenye mkeka anapukuchua mahindi.

Ilikuwa ndiyo yenyewe. Iliuliza swali lile lile la kilemba na la lori, neno kwa neno, bila kutetemeka. Ilipomaliza yalisikika makofi, mengi, kisha mtangazaji akasema, "Mmesikia wenyewe, ndugu zangu. Huko kwao wananyamazishwa. Hapa kwetu mtu husema atakalo."

Isdori aliacha kupukuchua. Midomo yake ilikuwa imefuatisha kila neno. Obed, kutoka kwenye kiti chake, alisema mtangazaji huyo anamfahamu, ndiye aliyesoma hukumu yake hewani.

Asubuhi Bertila alivaa kitenge chake cha kanisani, akaenda ofisini kwa mtendaji. Aliamkia, akakaa, akaeleza ombi lake kwa upole: serikali zibadilishane. Wamrudishie mume wake sauti yake, na Mwalimu Obed apewe mwili wake, kila mtu akae kwake.

Flavian alimsikiliza vizuri. Hakuwa mkali. Alisema na yeye ile redio anaisikiliza kila jioni, na kwa kweli Isdori anajua kusema, huwezi kuamini alikuwa mkulima tu wa hapa Majengo. "Lakini fikiria, mama. Wakimrudisha, itabidi tumwite tena ofisini. Na sisi tukimtoa Mwalimu, nani atatusemea ubaya wao? Hivi ilivyo, kila mmoja anasikilizwa. Wanampa na chakula."

"Chakula gani?"

"Sijui. Nadhani mihogo."

Bertila alirudi nyumbani akipita sokoni. Malori yalikuwa yamekwisha kuwasili, na vijana walikuwa wanashindilia mahindi kwenye magunia kwa miguu, wanaongeza, wanashona kilemba, wanaongeza tena. Hakuna aliyesema neno. Alisimama akawatazama mpaka mmoja akamuuliza, mama vipi, umepotelewa na kitu?

Siku ya mkutano uliofuata pale sokoni aliamka mapema akasema yote yaliyohitaji kusemwa. Asije mtu akadai hakujua alichokuwa anafanya, alijua. Alimwambia Isdori mbegu ya ulezi iko kwenye chungu gani, na kwamba jirani Luciana ana jembe lao. Alimwambia Obed asione haya kuomba maji. Alipita kwa Luciana akamgombeza kwa lile jembe, kwa sauti ya juu na kirefu, akainogesha, na Luciana alishangaa kidogo tu. Kisha akarudi akachuchumaa mbele ya mume wake, akamshika magoti.

"Nakwenda kuzungumza na wewe," alimwambia.

Mkutanoni alingoja Obed amalize kuwasema wakubwa wa kwao, makofi yapigwe, ile sentensi ya mtu husema atakalo isemwe. Ndipo akanyoosha mkono. Wakampa nafasi, maana ndiye mwenyeji wa mgeni, walidhani atashukuru.

"Mimi nauliza alichouliza mume wangu," Bertila alisema. "Kwa nini gunia letu lina kilemba, na kwa nini lori la mnunuzi linalala kwa mtendaji? Sijamaliza. Mnampa mgeni kiti kwa maneno yale yale mliyomfukuzia mwenyeji. Hamuoni aibu?"

Hakuna aliyepiga makofi. Bertila alisikia koo limekuwa jepesi, kama mtu aliyevua mzigo kichwani, akajua tayari. Sauti yake ilishuka kwenye njia ya kwenda ziwani bila kukimbia, na wanawake waliokuwa wanapanda na vikapu waliipisha. Mmoja aliiamkia, ikaitikia.

Flavian alifunga mkutano kwa dua. Alimwambia Bertila pole, akaongeza kwamba hakuna aliyeifukuza.

Sasa nyumba ile ina watu wawili kimya na sauti moja ya kigeni. Obed ndiye anayebisha hodi kwa majirani kwa niaba yao, ndiye anayeitikia misa, na siku hizi lafudhi yake imeshakuwa ya Kifipa. Anasema mambo yote yanayoweza kusemwa. Mwili wake haujulikani tena ulipo, Coleta ameacha kuulizia.

Jioni wanafungua redio. Siku ya kwanza Bertila alipotokea, mtangazaji alimkaribisha kwa heshima, akamwomba awaeleze wasikilizaji kuhusu dhuluma ya kwao. Alieleza. Makofi yakapigwa, sentensi ikasemwa. Halafu ni kama yeye na ile sauti ya Isdori, iliyokuwa pale pale kwenye kipaza sauti, walimsahau mtangazaji.

"Umekonda," sauti ya Bertila ilisema.

"Utajuaje?"

"Nasikia. Unakula?"

"Nakula mihogo. Chai yao haina sukari."

"Hata ya kwangu ulisema haina."

"Ya kwako ilikuwa haina kweli."

Ikacheka, ile sauti nzito, na nyingine ikacheka juu yake. Uani Majengo, Isdori na Bertila walikuwa wamekaa bega kwa bega kwenye mkeka, wameisogelea spika, machozi yanawatoka na hawayafuti. Waliyasikiliza mazungumzo yao mpaka honi ya lori ilipolia nje. Mnunuzi alikuwa amekuja kuchukua mahindi, na mtendaji alikuwa amekaa naye mbele, kwa dereva.

"Karibuni, karibuni sana," Obed aliwaambia kutoka mlangoni. "Mzigo upo tayari. Wenyeji wanawashukuru."

Bertila alipunguza redio, akainuka, akaenda kuwashikia mdomo wa gunia.