Maganda ya Lamya

"Nshabonyeza!" alisema Lamya kwa sauti, na wateja wawili waliokuwa kwenye kompyuta za dirishani wakageuka kumtazama.

Ami Zahran, mwenye chumba cha intaneti alichofanyia kazi Lamya pale Malindi, Unguja, aliinua kichwa kutoka kwenye printa aliyokuwa ameifungua tumbo. "Umebonyeza nini, mwanangu?"

"Toleo jipya, Ami! Lishatoka. Mtu popote alipo duniani anaweza kulichukua sasa hivi."

"Haya, hongera," akasema Ami, akarudi kwenye printa yake.

Lamya hakumlaumu. Kazi yenyewe ilikuwa ngumu kuieleza. Mtu mmoja wa Malaysia aliunda kiongezeo cha lugha ya programu, chenye amri za kugeuza tarehe za Kiislamu kuwa za kizungu, na za kizungu kuwa za Kiislamu. Kompyuta ilizielewa amri hizo, lakini mwandishi wa programu alikuwa akipapasa gizani. Ndipo Lamya alipoanza kuandika mafaili ya maelezo: jina la kila amri, inataka kupewa nini, kwa mpangilio gani, na inarudisha nini. Ndani hamna kitu kingine. Aliyaita maganda. Ukiwa nayo, unaanza tu kuandika amri na kioo kinakuonyesha cha kujaza. Yule Mmalaysia aliyapenda, akamkabidhi ayatunze.

Sasa kiongezeo kilikuwa kimebadilika. Zamani amri zilitaka siku kwanza. Sasa zilitaka mwaka. Lamya aliyapitia maganda yote, na asubuhi hii yametoka yakiwa na herufi ya kwanza tu ya jina lake. 

Baada ya saa kadhaa alikwenda kumfungulia mteja kompyuta. Aliporudi akakuta ujumbe, kwa Kiingereza kikavu: nimefuata maganda yako mapya, Ramadhani imeangukia pasipo pake, na programu hii natakiwa kuikabidhi leo.

 Chini ya malalamiko, mtu huyo alikuwa amebandika kipande cha programu yake. Lamya alikisoma, akakisoma tena, kisha akaruka kutoka kitini.

"Ami! Ami Zahran!"

"Naam, kuna nini?"

"Njoo uone majina aliyoyatumia huyu! Siku, mwezi, mwaka. Kwa Kiswahili!"

"Ulitaka aandike Kichina?"

"Mimi nikidhani wanaoyatumia wote wako ng'ambo!"

Alifungua mafaili yake. Ganda moja tu, katikati ya mengine, lilikuwa bado na mpangilio wa zamani. Alikuwa amelipita bila kuliona. Akalirekebisha, akaijaribu amri yenyewe kwa tarehe ya Idi iliyopita, ikajibu sawasawa. Akatoa toleo la marekebisho, kisha akaandika kwa Kiswahili: *Kosa ni langu, nisamehe. Usikabidhi bado. Nipe namba yako ya simu.*

Namba ilikuja mara moja. Ilikuwa ya Tanzania. Lamya akapiga.

"Assalam alaykum."

"Waalaykum salaam," ikajibu sauti ya kike, ya haraka haraka.

"Mimi Lamya. Wa maganda."

 Kicheko kikapasuka. "Kumbe mwanamke!"

"Na wewe je? Uko wapi?"

"Nungwi! Mimi Mwanapili. Na wewe?"

"Niko hapa Malindi, mjini!"

Wakacheka wote wawili, kumbe wako kisiwa kimoja, hata Ami Zahran akatabasamu bila kujua sababu. Nyuma ya Mwanapili kulikuwa na watu wakipigilia misumari.

"Nnatengeneza programu ya nyumba ya wageni," Mwanapili akaeleza. "Ramadhani bei zinabadilika, sasa kalenda ikikosea, kila kitu kinakosea. Mwenyewe kashafika, kakaa hapa ananitazama."

"Toleo la marekebisho lishatoka. Lichukue, uanze na mwaka."

"Nnalichukua. Lakini intaneti ya huku inajikokota."

"Nakusubiri. Usikate."

Lamya aliibana simu sikioni. Akasikia sauti ya mwanamme ikiuliza jambo, na Mwanapili akimjibu, "Subiri kidogo tu, baba, inakuja." Misumari ikanyamaza. Kisha zikaja sauti za vibonye vya kompyuta, kimoja baada ya kingine, wazi kama vile Mwanapili amekaa kiti cha pili, na Lamya akawa anavifuata kwa midomo: mwaka, mwezi, siku.