Ngazi ya Vipago Vinane

Mukakalisa alisikiliza mpaka mwisho. Aliketi kwenye kiti cha karani, mikono juu ya mapaja, kichwa amekiinamishia upande wa sikio lake zima, na kwa dakika mbili na nusu hakutikisika. Spika ilikoroma, ikakwaruza, ikatoa kitu kama mtu anayezungumza ndani ya mtungi wenye changarawe. Iliponyamaza, akajifunga kanga vizuri, akasimama.

"Huyo si mwanangu," alisema. "Mwanangu alikufa. Jumamosi naondoa matanga. Karibuni nyote."

Akatoka. Mimi nikabaki na koleo mkononi kama mtu aliyefumaniwa.

Jina langu Apolinary, fundi redio wa Kimuli. Nilizaliwa Ihembe, nikaja huku kufuata kazi, na mwaka huo wa 1997 hapakuwa na redio kuanzia Kimuli mpaka Bugomora ambayo sikuwahi kuipasua tumbo. Sisemi kwa majivuno. Haya basi, nasema kwa majivuno kidogo, maana ni kweli. Watu walizoea kuniona nikifungua redio, nikiitazama mara moja, nikinyoosha kidole: "Hapa." Sikuwa napimapima. Kupima ni kazi ya wanaojifunza, ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia, na wao wakicheka kwa heshima.

Sasa Mukakalisa. Kijiji kizima tulimwita Mama Leonidas, kwa huyo mwana wake mmoja. Walitoka Rwanda yeye akiwa binti, wakalima hapa, wakazika hapa. Leonidas alipata nafasi ya kusoma ng'ambo mwaka 1992. Ikaja ile miaka mibaya ya huko jirani, mipaka ikafurika watu, na barua zake zikakatika. Miaka miwili, kimya. Zilipoanza kuja tena zilikuwa zimepigwa kwa mashine, hata sahihi haikuonekana vizuri, na Renatha, karani wa parokia, ndiye aliyemsomea. Mama Leonidas alisikiliza barua mbili, ya tatu akaikataa.

"Mnanihurumia," alimwambia Renatha. "Wewe na Padre mnakaa mnatunga maneno, halafu mnakuja kumsomea bibi kizee. Mungu atawalipa kwa wema wenu. Lakini niacheni nimlilie mtoto wangu."

Akaweka matanga kweli. Akanyoa nywele, akalala chini, akavaa nguo za msiba mwaka mzima. Sasa ulikuwa umefika wakati wa kuondoa matanga. Ndizi za pombe zilikwisha ivishwa, na ikishanywewa rubisi hiyo mbele ya ukoo, kipande cha shamba cha Leonidas kingepewa Polikarpi, shemeji ya mama, na jina la Leonidas lingehesabiwa na majina ya marehemu. Mtu mzima, anapumua, anakula mkate huko kwenye baridi, tumzike Jumamosi! Niliposikia habari hiyo nywele zilinisisimka.

Leonidas mwenyewe alikuwa ameandikiwa na Renatha kuhusu ukaidi wa mama yake. Alituma kaseti mbili zenye sauti yake. Bahasha zilifika, kaseti hazikufika. Mtu njiani alizipenda, hatujui nani. Ndipo akatuma disketi, kijisahani kile cheusi ambacho hakuna mwizi angejua akifanyie nini. Sauti yangu imo humu, aliandika. Shida ni kwamba kompyuta ya parokia ilikuwa bubu. Wafadhili waliileta kwa ajili ya kupiga barua na orodha za ubatizo, haikuwa na kifaa cha kutolea sauti. Leonidas, aliyesomea mambo hayo hayo, alilijua hilo kwa barua ya Renatha. Kwenye disketi alitia programu ndogo, na ndani ya barua akachora ngazi. Chini ya mchoro akaandika: *Mpeni fundi Apolinary. Anaweza.*

Anaweza! Nilitembea na ile karatasi mfukoni siku mbili nikiwaonyesha watu.

Jambo lenyewe, ukilielewa, ni tamu. Kompyuta haijui sauti, inajua namba tu. Leonidas alipozungumza, mashine yake ilikuwa ikipima sauti mara elfu nane kwa kila sekunde na kuandika namba. Kazi yangu ilikuwa kuzirudisha namba kuwa umeme unaopanda na kushuka, ili spika itikisike kama koo lake lilivyotikisika. Nyuma ya kompyuta kuna tundu la printa, lina nyaya nane za kutolea namba. Waya wa kwanza unamimina debe zima, wa pili nusu debe, wa tatu robo, na kuendelea hivyo mpaka wa nane ambao hutia tone tu. Kila mara, nyaya nyingine zinamimina, nyingine zimefunga, na jumla ya vilivyomiminwa ndiyo sauti. Kinachogawa hayo madebe ni ngazi ya rizista, vile vijiti vidogo vyenye pete za rangi vinavyozuia umeme. Vipago vinane, rizista ishirini na tano, zote za kipimo kimoja. Zikiwa sawasawa, anazungumza mtu. Zikipishana, linazungumza dude.

Rizista mpya ningezitoa wapi? Nilipasua redio mbovu kumi na moja zilizokuwa zimelala kwangu bila wenyewe. Nikachagua kwa macho kama ilivyo desturi yangu: kahawia, nyeusi, rangi ya chungwa. Nikapigilia misumari kwenye ubao wa mgrevilea, nikapasha nondo kwenye jiko la mkaa, nikalehemu rizista msumari kwa msumari. Sauti itokayo kwenye ngazi ni hafifu mno, kwa hiyo nikaiongezea amplifaya niliyoing'oa kwenye redio ya mkulima, nikaipa umeme kutoka jenereta ya parokia. Jumanne nikamwita mama wa watu. Mengine umeshayasikia.

"Ni jenereta," nilimwambia Renatha alipotoka mama. "Umeme wake mchafu, unanguruma ndani ya spika."

"Fundi, una hakika?"

"Dada Renatha, mimi nakufundisha kupiga chapa?"

Nikaenda kuomba betri. Kwa kompyuta hapakuwa na njia nyingine ila jenereta, lakini amplifaya yangu ingeridhika na betri sita kubwa za tochi. Nyumba sita zilinipa, moja moja, kila mtu akiniagiza nirudishe. Zote zilikuwa zimechoka. Jumatano nikazianika juu ya bati tangu asubuhi hadi adhuhuri, nikizigeuza kama mtu anayegeuza kahawa, maana betri ikipata jua hujikusanya nguvu kidogo. Alhamisi tukajaribu, mimi na Renatha tu. Ngurumo ikaisha kabisa. Lakini yule mtu wa changarawe bado alikuwamo, tena sasa alisikika vizuri zaidi.

Nikalaumu disketi. Nikalaumu kompyuta. Nikamlaumu Leonidas na mchoro wake. Renatha aliniacha nimalize, kisha akauliza kwa upole uliokera kuliko tusi:

"Umezipima?"

Mita yangu ilikuwa haina betri tangu mwaka juzi, na kusema ukweli sikuwahi kuikumbuka. Renatha akapanda kwenye kiti, akatoa betri ya saa ya ukutani, akanipa. Saa ya parokia ikasimama saa nne na dakika ishirini. Nikapima rizista ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu, mshale ukaruka hadi mahali usipostahili. Nikaigonga mita, nikapima tena. Ya saba vilevile. Ya kumi na tisa.

Nikatazama kidole nilichozishikia: kimejaa masizi.

Huku kwetu redio haikai sebuleni. Hukaa jikoni, juu ya uchaga, jirani na mahindi ya mbegu, kwa kuwa ndiko watu waliko. Miaka na miaka moshi unaingia tumboni mwake na kupaka kila kitu rangi moja ya masizi. Chungwa lililofukizwa huwa jekundu, na jekundu lililofukizwa huwa chungwa, na baina ya rangi hizo mbili kipimo kinazidiana mara kumi. Mimi niliyezifungua hizo redio zote, nisiyepima, nilikuwa nimetia vibaba mahali pa madebe. Na kwa macho yangu haya ya kujidai nikawa nimemwaminisha mama kwamba mwanawe amekufa, safari hii kwa ushahidi.

Ningeweza kubadilisha zile tatu na kunyamaza. Nani angejua? Ila mama alikwisha sema neno lake, na kwa fundi anayelaumu jenereta asingerudi. Usiku ule sikulala vizuri. Ijumaa asubuhi nikaenda kwake.

Nilimkuta uani akimenya ndizi, na Polikarpi akipasua kuni za matanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kunisalimia au kunibembeleza?"

"Nimekuja kuungama."

Polikarpi akaacha shoka. Nikapiga magoti, nikamwambia yote: macho yangu, mita isiyo na betri, kiburi changu. Nikamwekea rizista moja kiganjani. Sikuwa nimewahi kusema "nimekosea" mbele ya mteja, na hapa nilikuwa nasema mbele ya wawili na kuku.

Akaigeuza ile rizista. Akaitemea mate, akaisugua kwa pindo la kanga, taratibu, akaileta karibu na pua.

"Hii pete ya tatu ni nyekundu," alisema.

"Ndiyo, mama. Mimi niliona chungwa."

"Na mnasema mimi ndiye sioni!"

Polikarpi aliangua kicheko, kisha akakimeza haraka, maana ile ilikuwa nyumba ya msiba. Mama Leonidas hakucheka. Alinirudishia rizista.

"Hukuja na uongo," akasema. "Wengine wote wamekuja na maneno matamu. Kesho, kabla watu hawajaketi, nitakuja. Ila fundi, nisikilize. Nikimsikia yule wa juzi tena, usinikanyagie uani kwangu maisha yako yote."

Siku ile nilizisugua rizista kwa majivu na kitambaa, nikazipima zote ishirini na tano mara tatu tatu kama mwanafunzi, na sikuona aibu. Zile tatu nikazing'oa, nikatia nyingine.

Jumamosi ofisi ya parokia ilijaa. Waliokuja kwa matanga walimfuata mama, wakabanana dirishani na mlangoni, Polikarpi mbele yao. Nje jenereta ikawashwa. Nikaunganisha betri zangu sita. Renatha akasukuma disketi, ikakoroma kidogo, akanitazama, nikamwashiria kwa kichwa, akabonyeza.

Mtu akavuta pumzi ndani ya spika.

Pumzi, jamani! Niliisikia ikiingia puani. Kisha sauti ya mwanamume, safi, nzito kidogo, ikasema kwa Kinyarwanda: "Mama, ni mimi. Nisamehe nimekaa kimya." Kinyarwanda changu ni cha sokoni, lakini kilitosha. Akasema alivyoumwa, alivyohama mji, alivyokosa anwani. Akamtaja ng'ombe mmoja kwa jina. Watu wakaanza kushikana mikono. Mama alikuwa ametulia tuli, na sikuweza kusoma chochote usoni pake.

"Nimemaliza masomo," sauti ikasema. "Mwezi wa kumi na mbili narudi n... n... n..."

Ikakwama.

Betri! Au msumari umelegea! N, n, n, kisha kimya, kioo cha kompyuta bado kinawaka. Nikarukia ubao, nikanyoosha mkono kwenye kipago cha kwanza. Mkono mkavu ukanidaka kifundo, ukanikaza mpaka nikaguna.

"Mwache," Mama Leonidas alisema. Machozi yalikuwa yakimtiririka hadi shingoni, na hakuyafuta. "Usimguse. Tangu ana miaka mitatu hukwama hivyo kwenye neno analolitaka sana. Ukimharakisha hulia. Mwache, atafika mwenyewe."

Tukamngoja. Watu arobaini na zaidi, wamekuja kumzika, walisimama kimya wakimngoja amalize neno.

"...nyumbani," alisema Leonidas.

Vigelegele vilivyopigwa pale vilinifanya nishindwe kusikia yaliyobaki. Polikarpi alinibeba mimi na ubao wangu, nikamwambia aniweke chini kabla hajaning'olea nyaya. Nilikuwa nalia na kucheka, na mtu yeyote aliyeniuliza nimeifanyaje nilimjibu kwa sauti kubwa kwamba nimeipima, nimeipima, nimeipima.

"Renatha," mama akasema, "mrudishe aseme tena."

Alisema tena. Alisema mara nane. Kila alipokwama, umati wote ulikwama naye, na kila alipofika tulipiga makofi kana kwamba hatukujua kuwa atafika. Mara ya tisa, akiwa kwenye n, n, jenereta ikakohoa, mafuta yakaisha, kioo kikazimika.

Mama Leonidas alikuwa ameinamia spika, mkono wake umeilalia kama anayempapasa mtoto mgongoni. Akangoja kidogo, kwa muda uleule aliokuwa akimngoja sikuzote.

"Nyumbani," akammalizia.